Mwaka wa Usukani wa Kunyooka

Nimekaa eda ya mume wangu, Athumani, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Kibiti, na kwa kuwa mtu wa eda hana pa kwenda, nimerudi kuwa msikilizaji wa maneno ya ukutani kama nilivyokuwa zamani nilipowekwa ndani. Wanawake wanaokuja kunipa pole wakimaliza dua hutoka kwenda kukaa barazani kuchambua mchele, na wakifika huko husahau kwamba dirisha langu halina kioo. Juzi nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kuwa marehemu alikuwa mtu wa bahati, alioa mwanamke mwenye macho ya mbali, mwanamke aliyemchagulia mumewe usukani wa baiskeli angali mwali, na usukani ule ndio uliojenga nyumba hii. Mwenzake akauliza usukani gani tena. Basi yule akamsimulia kisa chote kama kinavyosimuliwa hapa mtaani, na mimi nimekaa kitandani na nguo zangu nyeupe, nikakisikiliza hadi mwisho kana kwamba kilimtokea mtu mwingine. Ni kisa kizuri na kinanisifu, na watoto wetu wamekua nacho. Lakini sivyo ilivyokuwa. Kilichotokea ni kidogo zaidi, na mwaka mmoja tu wa ujana wangu unatosha kukieleza.

Mwaka huo nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, nyumba ya udongo iliyopauliwa bati jipya, karibu na soko. Wazee wa Athumani walikuwa wamekuja kuleta posa, posa ikakubaliwa, na kwa desturi yetu nikawekwa ndani kungoja ndoa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, mkeka wa ukindu, na dirisha dogo lililozibwa kwa pazia la gunia. Asubuhi nilisuguliwa liwa na manjano, mchana nikalishwa. Shangazi alikuwa akiniletea bada, yaani ugali wa muhogo, na kambale wa kukaanga, au wali wa nazi na kisamvu, sahani imejaa mpaka inamwagika, akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza, maana mwali akitoka amekonda watu husema nyumba hiyo ina njaa. Nami nilimaliza. Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo, darasa la saba nililimaliza kwa kubahatisha, na kichwa changu kilikuwa hakitulii hata mwili ukiwa umefungiwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tangu utotoni tuliona maduka yakijaa tena: sabuni za harufu, kanga ndani ya nailoni, redio za kaseti, biskuti za rangi. Kila kitu kilikuwa ruksa, ila mimi kutoka nje. Nikilala pale kitandani nilijiona nimetolewa, nimevaa kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, nimekaa upande kwenye karia ya baiskeli, mwavuli mkononi, mume wangu ananipitisha Kibiti nzima taratibu, na kila mtu anauliza huyo ni nani. Ndoto yangu ilikuwa hiyo tu. Sikutaka nyumba ya tofali wala Dar es Salaam. Nilitaka kupakiwa.

Nyuma ya dirisha langu, chini ya kibanda cha makuti, ndipo alipokuwa akifanyia kazi fundi baiskeli, Mzee Mbonde, Mmatumbi aliyeshuka kutoka vilimani kusini na akaoa hapa. Nilikuwa nikiivuta harufu ya gundi yake ya viraka tangu asubuhi, na mazungumzo ya benchi lake yalinifikia yote. Huko ndiko nilikojua kuwa Athumani ameuza mpunga wake wa Chumbi na amenunua baiskeli. Siku hizo mfanyabiashara mmoja alikuwa akileta kwa lori baiskeli za mtumba kutoka Dar. Zilifungwa pamoja kama kuni, na ili zisichukue nafasi zilikuwa zimeng'olewa sukani, na sukani zote zikatiwa katika gunia lake peke yake. Kwa hiyo mtu alinunua kwanza baiskeli isiyo na kichwa, halafu akaenda kuinama kwenye gunia kuchagua. Nililifunua pazia kwa kidole nikaiona ile ya Athumani imeegemezwa kwenye nguzo. Ilikuwa nyeusi, ya kizamani, na madigadi mapana, kava la mnyororo zima, kiti cha ngozi chenye springi, baiskeli ya watu wa mjini wa huko ilikotoka, ambao nadhani huenda kazini bila haraka. Haikuwa na usukani, ikafanana na mtu aliyevuliwa kofia. Nikaipenda hivyo hivyo.

Alasiri ile Athumani alikuja na sukani mbili begani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, msemaji wa sauti ya chini, mtu ambaye ukitaka kumsikia lazima uache unachokifanya. Akaziweka mbele ya fundi na kumuuliza achukue upi. Wale vijana wa benchini wakaanza mara moja. Mmoja akasema ule wa kunyooka ndio wa kisasa, vijana wote wa Dar wameuweka, na ule wa kupinda ni wa makarani na wazee wenye mabusha. Mzee Mbonde akawanyamazisha, akaushika ule wa kupinda. Ulikuwa mpana, umerudi nyuma kama pembe za ng'ombe, mweusi kwa grisi. Akaeleza kuwa usukani huo humkalisha mtu wima, mikono imeshuka, kifua wazi, anaona watu na watu wanamwona, na aliyepakiwa nyuma anaongea naye kama wamekaa mkekani. Ila hauwezi mzigo. Ukifika mchangani na tenga la samaki ukataka kusimama kwenye pedali, ncha zake zinakupiga magotini, ukishuka kusukuma zinakuchoma tumboni. Kisha akaushika wa kunyooka, mfupi, unaong'aa. Huo, akasema, unamlaza mtu mbele. Anakandamiza, anapanda, anakwenda mbali na gunia la mpunga au matenga mawili, na hachoki upesi. Lakini anakuwa anaitazama barabara tu, na aliye nyuma anautazama mgongo.

"Usukani ndio unaochagua kazi, mjomba," akasema. "Huu wa kupinda utakuweka hapa hapa mjini, upakie watu, ule chakula cha mchana kwako. Huu mwingine utakutoa."

Kijana mmoja akamwambia achukue wa kutoa, kwani nani anataka kuzeekea Kibiti. Athumani akasema hatachukua wowote mpaka amuulize mchumba wake. Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Mbonde naye, kwa kuwa Wamatumbi na Wandengereko ni watani, akamwambia kuwa amekaa sana mjini lakini hajapata kumwona Mndengereko anayemuuliza mwali habari za vyuma, na kwamba kesho atamuuliza na bei ya jembe. Nilidhani atakasirika au atajitetea. Yeye alisema tu neno ambalo nilikwenda nalo kitandani kama mtu aliyepewa zawadi.

"Atakayekaa kwenye karia ni yeye."

Usiku ule niliona kila kitu mbele yangu. Nilitaka ule wa kupinda. Nilikuwa nimeshausafisha kwa mawazo yangu, nimeshaufunga kengele, nimeshakaa nyuma yake nikimsimulia mambo naye akigeuza shingo kunijibu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu ningeulizwa na ningejibu.

Lakini mwali hajibu kama watu wengine. Somo wangu, yaani mama mtu mzima aliyepewa kunifunda, alikuwa Bi Pili, mwanamke mwembamba mwenye kauli moja. Tangu siku ya kwanza alikuwa amenifundisha kuwa mwali hasikiki sauti na watu wa upande wa mume. Akiulizwa jambo, akalikubali, hunyamaza. Akilikataa, hugonga ubao wa kitanda kwa kidole. Kimya chake ni ndiyo, na ndiyo hiyo ni ya heshima kuliko ya kutamkwa, maana ndivyo atakavyoulizwa hata siku ya ndoa, shahidi atakaposimama mlangoni. Nilikuwa nimeshaulizwa hivyo mambo mengi madogo, kama nakubali kanga hii au hereni zile, nikanyamaza kila mara, na kila mara Bi Pili akatoka kifua mbele.

Kesho yake, Athumani akasimama uani, kwa mbali kama inavyotakiwa, akampa Bi Pili salamu na sukani zote mbili na kumwomba amuulize mwali anataka upi. Nilisikia Bi Pili akiguna. Nadhani aliona ni upuuzi, lakini mkwe mtarajiwa alikuwa ameuliza kwa adabu. Basi akauchukua ule wa kunyooka kwanza. Aliuchukua huo, aliniambia baadaye, kwa sababu ule wa kupinda ulikuwa na grisi na yeye alikuwa amevaa kanga ya kutokea. Hakuwa na sababu nyingine. Akausogeza kwenye pazia la mlango, nikauona ukining'aria chini ya kanga yake, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka uani kama mwali ameuridhia.

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja. Nilijua upo wa pili, nilijua utaletwa, nikajipangia kwamba kimya changu cha kweli nitakitoa kwa ule wa pili. Huu wa kwanza nitauacha upite tu, maana kugonga ubao kwa kitu ambacho mtu amekiinamia kwenye gunia kwa ajili yangu niliona kama kumpiga kofi. Sikujua kwamba kimya cha kungoja na kimya cha kukubali husikika sawa. Pazia likaanguka. Bi Pili alikuwa ameshageuka. Kwake yeye, mwali aliyekwisha kunyamaza haulizwi tena, kumrudia ni kusema kuwa hakuamini kimya chake. Nikainua kidole, nikakiweka juu ya ubao, nikamsikia uani akisema, "Ameridhia huo." Na baada ya hapo sauti ya Athumani, ya chini sana, ikisema sawa.

Alikaa pale uani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakati ule nilidhani amefurahi.

Jioni Bi Pili alipokuja kunisuka nilimshika upindo wa kanga nikamnong'oneza kwamba nilikuwa nautaka ule mwingine, amrudie Athumani amwambie. Hakunigombeza. Aliendelea kunisuka, akamaliza msuko mmoja mpaka kisogoni, ndipo akasema, "Mwanangu, kimya chako cha leo ukikirudisha, siku ya ndoa nani atakiamini?" Nikafikiri juu ya hilo. Nilikuwa msichana mwenye elimu ndogo lakini hesabu hiyo niliielewa. Kama usukani ulikuwa ni makosa, basi na mume huenda ni makosa, na hereni, na kanga, na kila kitu kilichopita mbele ya pazia lile. Watu wangesema mwali wa Bi Zuhura hajui anachokitaka. Shangazi naye, nilipomdokezea, akacheka na kuniambia usukani ni chuma tu, nikishaolewa nitamwomba mume wangu aubadilishe, wanaume wapya hawana gumu. Nikaona kweli. Nikala bada yangu nikalala.

Tulioana baada ya mavuno kumalizika. Shahidi alisimama mlangoni, akaniuliza kama nimeridhia kuozwa kwa Athumani, nikanyamaza, na kimya hicho kilikuwa cha kweli kuliko neno lolote nililowahi kutamka. Tukapewa chumba kimoja kwa watu, na ua mdogo wenye jiko la mafiga. Nikawa naisubiri siku yangu ya kupakiwa. Lakini Athumani alikuwa amebadilika katika jambo moja. Kabla ya usukani mipango yake ilikuwa ni kupakia abiria hapa mjini na kurudi Chumbi msimu wa kilimo. Sasa alisema atakwenda Nyamisati kuchukua samaki na kamba wanaotoka mikokoni, awalete Kibiti, na akishapata nguvu awapeleke mpaka Ikwiriri, tena avuke kivuko cha Ndundu aende kusini zaidi. Alilisema kwa namna ya mtu anayetimiza agizo. Nilidhani ndivyo wanaume wanavyokuwa wakishaoa.

Akawa anatoka alfajiri na matenga, amelala juu ya usukani ule kama mtu anayesikiliza kitu ardhini. Mwanzo alirudi siku ya pili, halafu ya tatu, halafu nikaacha kupanga siku. Nilipika kwa watu wawili kila jioni, nikaufunika wali wake kwa kawa, na asubuhi nikaula mwenyewe na chai. Aliporudi alikuwa ananuka chumvi, viganja vimechubuka, mabega yamepigwa na jua, anakula bila kuinua uso na kulala kabla sijamaliza habari niliyoianza. Simlaumu. Alikuwa akileta kila kitu: sukari, mafuta, godoro la sponji ambalo majirani walikuja kulibonyeza. Wanawake wa kisimani wakaniambia nimechagua vizuri. Kwa maana habari ilikuwa imeshaenea kutoka benchi la Mzee Mbonde, kwamba mwali mwenyewe ndiye aliyetaka usukani wa safari, na mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka tu na kujitwika ndoo yangu. Ule wa kupinda aliununua mwalimu wa madrasa. Akausugua kwa mchanga na mafuta ya taa ukawa kama mpya. Alasiri alimpakia mkewe kwenda kumwona mama yake, mwalimu wima kama mnara, mke kakaa upande, wanabishana juu ya ndugu zao njia nzima, nami nikiwa kizingitini nachambua mboga nilikuwa nayasikia mabishano yao yanakuja, yanapita, yanakwenda. Sijapata kuwaonea wivu watu waliokuwa wakigombana ila wale.

Wakati wa kumwomba abadilishe usukani haukufika. Kila nilipotaka kusema, alikuwa amechoka, au ndiyo kwanza amefika, au kesho anaondoka. Halafu ikaja Idd. Masika yalikuwa hayajaanza, barabara kavu, na Athumani akasema leo hatutazami tenga, leo nakupeleka Mtawanya kwa bibi yangu. Nikavaa kanga mpya, nikachukua mwavuli wa kuazima, nikakaa kwenye karia. Ilikuwa siku yangu. Tukapita sokoni, na watu wakatutazama, na mimi nikatazama mgongo. Alikuwa mbele kule ameinama, shati limetuna kwa upepo, akisema kitu simsikii, nikisema kitu hanisikii, nikijibu "eeh" kwa maneno nisiyoyajua. Tulipofika kwenye kilima cha mchanga nje ya mji nikashuka ili asukume, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke tukawa bega kwa bega.

Akaniambia kuwa kuna watu wawili wamemtaka wafanye ushirika, wanunue mzigo mkubwa wapeleke kusini, wakae huko miezi, na wamempa mpaka baada ya Idd awajibu. Aliongea akiitazama baiskeli. Akasema wakati mwingine, akiwa peke yake njiani, huchoka mpaka anashuka na kukaa chini, lakini anakumbuka kuwa mimi ndiye niliyetaka, basi anainuka. Nikamuuliza nilitaka nini.

"Usukani huu," akasema. "Mimi nilikuwa nautaka ule wa pembe. Nilitaka nikupakie tu, mke wangu. Somo alipotoka akasema umeridhia huu, nikajua naoa mtu wa macho ya mbali, nikasema lazima nimfikie."

Nikasimama pale mchangani, mwavuli wazi. Nikamwambia yote: kwamba nilikuwa nangoja wa pili, kwamba Bi Pili aliogopa grisi, kwamba kidole kilikuwa juu ya ubao. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka ikabidi aiangushe baiskeli kwenye nyasi, watu wanaotoka mjini na nguo zao za Idd wakitupita na kutushangaa. Halafu kicheko kikaisha. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, akinitazama machoni, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi njiani.

"Sasa hapa hapana somo wala pazia. Nakuuliza mwenyewe. Niende au nisiende?"

Miaka yote hii nimejaribu kumpatia yule msichana neno la kusema. Lilikuwepo, na lilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nimefundwa, na nilikuwa nimefundwa vizuri. Mke mwema hamfungi mume kamba miguuni. Mke mwema hasemi "usiende" kwa riziki. Na pia, nakiri, niliyafikiria maneno ya kisimani, na godoro, na jinsi uso wake ulivyokuwa umechoka, nikaona nikisema baki, na tukapata dhiki, itakuwa dhiki yangu. Nikataka aseme yeye mwenyewe kwamba hata ikija dhiki atabaki, kwa ajili yangu. Naye alikuwa akingoja.

"Shauri lako, bwana'ngu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa jibu kamili. Akaiinua baiskeli, akapangusa nyasi kwenye kiti, akanisaidia kupanda. Tukala pilau kwa bibi yake, tukarudi, na baada ya Idd akaenda kusini.

Alienda na kurudi, alienda na kurudi, na hivyo ndivyo tulivyozaa, tukajenga, tukasomesha. Sikunyanyaswa hata siku moja, wala sikukosa. Baiskeli ikaja ikawa pikipiki, pikipiki ikawa duka la jumla Lindi, na mimi nikawa mke wa Kibiti anayepokea salamu. Wakati mwingine nafikiri hata ule wa kupinda usingetuokoa, maana usukani hauwezi kumfundisha mtu kusema. Lakini nafikiri pia kwamba tungekaa karibu karibu kila alasiri, tukibishana juu ya ndugu, na kwa kubishana tungejuana.

Kwa maana hatukujuana. Hilo nililigundua aliporudi moja kwa moja, mzee, kifua kinambana, akakaa nyumbani kuanzia asubuhi hadi jioni kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Tulikuwa kama maharusi, tunapishana mlangoni kwa kuombana radhi. Nikamtunza kama nilivyoona yafaa. Kila siku nilimpikia bamia, kwa sababu siku yake ya kwanza nilimpikia akaimaliza yote na kulamba kijiko, nikajua ndiyo mboga yake. Nikaenda kuitafuta sokoni hata msimu wake ulipopita. Aliila muda wote ule aliokuwa mgonjwa, sahani baada ya sahani, bila kuacha hata utelezi wake. Wiki moja kabla hajafariki nilimletea, akaitazama, akaisukuma kidogo kwa kidole, akaniomba radhi, akasema leo hataiweza, tena kusema kweli bamia hajawahi kuipenda maishani mwake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akasema, "Nilidhani unaipenda wewe."

Na mimi bamia sijawahi kuipenda.